Nimepewa niwe Bwana Msa, ami kasema hatokanyaga ukumbini

BARUA

Assalaam alaykum Bi Mkubwa, na shikamoo. Jina langu naomba usilitoe, huku kwetu Ng'ambo ya Unguja ukitaja jina moja tu watu washajua nyumba mpaka mlango.

Mie ni msichana wa miaka 27, asubuhi nasomesha skuli ya msingi, jioni niko na kikundi cha maigizo. Tuko vijana wa mtaani wengi wetu, tunacheza michezo midogo midogo kwenye maskuli na sikukuu, na mara nyengine tunapata kazi za miradi, zile za malaria na kukosha mikono unazijua mwenyewe. Mwaka huu tumepata kitu kikubwa, mfadhili kakubali kutoa pesa za mchezo mmoja mrefu wa jukwaani, taa, nguo, ukumbi, posho, kila kitu, na mwalimu wetu wa kikundi kaandika hadithi mpya ya upelelezi na mpelelezi wake ni Bwana Msa.

Kwa wasomaji wako wadogo wasiomjua, ni yule wa vitabu vya Muhammed Said Abdulla, bwana wa kiko, watu wote wanasema mzimu ndo umeua yeye kakaa kimya anavuta kiko chake anasema hapana, hapa kuna mtu, na Najum, msaidizi wake, yuko pembeni hajui hata kinachoendelea.

Mie Bwana Msa namjua toka mdogo. Baba alifariki mapema, kanilea ami, na ami anavyo vitabu hivyo, majalada yameshatoka kavitia karatasi ya kaki. Ule wakati umeme ulipokatika Unguja nzima, mwisho wa 2009 kuingia 2010, miezi kama mitatu, sisi kila usiku baada ya isha ilikuwa kandili na Bwana Msa. Ami anasoma kwa sauti, kila mtu anamfanyia sauti yake. Kwa hiyo mie nikimsoma Bwana Msa kichwani anasema kwa sauti ya ami.

Sasa ilivyokuwa. Siku ya kugawana nafasi, Bwana Msa ilijulikana ni Faki (si jina lake la kweli), yeye ndo siku zote mhusika mkuu wetu na anaweza, sitaki kumnyima haki yake. Siku ile kachelewa, mwalimu akasema hebu wewe soma badala yake tusipoteze muda. Nikapewa na kiko, cha kweli cha mbao, kimepasuka kidogo kwenye mdomo, nikakishika vibaya watu wakacheka. Nikakumbuka ami anavyoshika kalamu yake akisoma gazeti, dole gumba chini, vidole viwili juu, haiandiki chochote ipo tu mkononi. Nikakishika hivyo hivyo nikaanza kusoma. Mwalimu kanisimamisha kaniambia rudia. Nikarudia. Hakusema kitu.

Wiki ya pili tukaitwa kikao tukaambiwa nafasi ni yangu, na mhusika sasa ataitwa Bi Msa. Na hapo hapo katika maneno maneno ikajulikana kwamba kwenye karatasi ya mradi umo mstari unaosema mhusika mkuu mmoja angalau awe mwanamke. Mie nilikuwa sijui. Mwalimu akasema "kama yupo anaepinga asimame atwambie kama anapinga wanawake". Basi nani atasimama? Faki kachukua begi lake katoka, na toka siku hiyo salamu yake ni ya kichwa. Kwenye grupu la WhatsApp hakuna alieandika hata neno, lakini pembeni kila mtu ananiandikia lake, huyu "usikubali wanakutumia wapate pesa", yule "ukikataa umewaangusha wanawake wote", mwengine kanitumia vicheko tu sijui maana yake nini.

Nyumbani ndo mtihani wenyewe. Ami nilipomwambia alinyamaza mpaka kamaliza chai. Kisha kasema mwanamke kuvaa kanzu na kofia na kushika kiko mbele za watu haijuzu, kujifananisha huko kumekatazwa. Nikamwambia ami sitovaa kanzu, ntavaa baibui, atakuwa ni mwanamke. Ndo akapanda zaidi, kasema basi huyo si Bwana Msa, hayo mambo ya wazungu, wamewamaliza mahodari wao sasa wamekuja kutumalizia na wetu. Kasema hatokanyaga ukumbini.

Na la mwisho linaloniuma kuliko yote. Mie mwenyewe Bi Mkubwa si mpenzi wa mambo haya. Ile filamu ya Ghostbusters ya 2016, ya wawinda mizimu wa kiume iliyorudiwa kwa wanawake watupu, niliona wamechukua kitu cha watu wamekipaka rangi tu ionekane wao ni wema. Doctor Who, yule wa tamthilia ya TV ya Uingereza, alipofanywa mwanamke nilibishana na shoga yangu mpaka tukanuniana. Kwa hiyo yote anayosema ami, mie nshawahi kuyasema kwa mdomo wangu. Lakini hii nafasi naitaka. Naitaka mpaka silali.

Nikubali nimuudhi ami? Nikatae Faki arudishiwe? Au nikubali huku moyoni najua ni mambo ya jenda tu yamenibeba? Mazoezi yanakaribia kuanza na mwalimu anataka jibu.

Ni mie mtoto wa ami.

JAWABU

Waalaykum salaam mwanangu, marahaba. Barua yako nimeisoma peke yangu kisha nikamsomea mzee wa hapa nyumbani, na nilipofika pale ami kamaliza chai kwanza ndo akasema, mzee alicheka sana, kasema huyo namjua, ingawa hamjui.

Nikikuelewa, wewe umepewa kitu unachokitaka kwa njia ambayo hujui kama ni ya haki, ukikichukua unahisi umemkosea alokulea, na umemkosea mwenzio, na umejikosea wewe mwenyewe wa zamani ulokuwa ukibishana. Umeyafunga yote katika furushi moja kisha unaniuliza nikubali au nikatae. Mie kukubali na kukataa sitokwambia, hilo lako. Lakini furushi hebu tulifungue, mana naona humu mna vitu havihusiani kabisa vimekaa pamoja.

Cha kwanza. Mwanamke kumcheza mwanamme, na mhusika mwanamme kugeuzwa mwanamke, haya ni mambo mawili mbali mbali na barua yako inayachanganya, na ami nae anayachanganya, na mwalimu wenu sina hakika kama na yeye kayatenga. Sarah Bernhardt, yule mwigizaji wa Ufaransa, alimcheza Hamlet wa Shakespeare mwaka 1899, lakini Hamlet alibaki mwanamme vile vile, mtoto wa mfalme, nguo za kiume na upanga. Mchezaji ndo mwanamke, mhusika hakuguswa. Na huko nyuma zaidi Uingereza ilikuwa kinyume chake, kwenye kumbi za umma wanawake hawapandi jukwaani mpaka ilipofika 1660, kila bibi arusi wa Shakespeare alikuwa ni kijana wa kiume kavalishwa. Doctor Who ni kitu chengine, pale mhusika mwenyewe ndo kawa mwanamke.

Sasa tazama ami yako kafanya nini. Ulipokuja na kanzu kakujibu kwa dini. Ulipokuja na baibui kakujibu kwa Bwana Msa. Usione kama anakimbia kimbia, mie naona anazo hofu mbili za kweli na kila moja inataka jawabu lake. Ile ya mavazi mie si wa kuulizwa, nenda kwa sheikh unaemuamini na ami anamuamini, muulize mkiwa pamoja. Na mkiwa hapo hapo muulizeni na hawa wanaume wanaovaa kanga na kujaza vitambaa kifuani kwenye vichekesho tunavyocheka sote sebuleni, mana katazo lenyewe limetaja pande mbili na sisi tumeshika upande mmoja tu. Simwambii ami hivyo kwa ubishi, ila nataka nae alifikirie.

Ikiwa mtakwenda njia ya baibui, hofu ya mavazi inakuwa ishaondoka, na inabaki ile ya pili ambayo kwa kweli ndo nzito: je huyo bado ni Bwana Msa?

Hapo nikuulize jambo ambalo barua yako nzima hukuligusa. Hiyo hadithi mwalimu kaiandika upya, au kafuta "Bwana" kaweka "Bi"? Wewe unasema Ghostbusters walipaka rangi tu. Mie ile niliitazama na wajukuu, hainichekeshi sana lakini si ya kutukanwa vile ilivyotukanwa, na walioitukana wengi walianza kabla haijatoka, kwa kipande kidogo tu cha tangazo. Ilifika hadi mtu akisema haichekeshi anaambiwa anachukia wanawake, na akisema imemfurahisha anaambiwa anafuata siasa, filamu yenyewe ikawa haizungumzwi tena. Doctor Who mie siiweki kundi hilo. Hadithi ile imeanza 1963, na 1966 mchezaji wa mwanzo alipoondoka walishaweka kanuni kwamba huyu bwana akikaribia kufa anabadilika mwili anakuwa mtu mwengine. Mlango uliachwa wazi miaka hamsini, 2017 wakamtangaza mwanamke, Jodie Whittaker. Unaweza usimpende, na walioandika hadithi zake unaweza usiwapende zaidi, lakini huwezi kusema hadithi haikuwa na nafasi. Na yule mkubwa wa James Bond, jasusi wa filamu za Kiingereza, anaeitwa M, 1995 alikuja mwanamke, Judi Dench, wala watu hawakupiga kelele nyingi, mana M ni cheo, cheo hukaa mtu yeyote. Bond mwenyewe hawajamgusa. 2021 walichofanya ile namba yake ya kazi, 007, wakampa mwanamke kwa muda, Bond akabaki Bond, na Daniel Craig alietoka kumcheza akasema kwa nini mwanamke apewe Bond, si aandikiwe mtu wake mzuri kama Bond. Kwa hiyo mabishano yako na shoga yako hayakuwa upuuzi. Ila wewe umeyapima yote kwa kipimo kimoja.

Turudi Unguja. Huyo Bi Msa akiwa mwanamke kweli, si jina tu, hadithi inabadilika kutoka chini mpaka juu, na hapa mie roho yangu inachangamka. Fikiria msiba. Wanaume wako nje kwenye jamvi, wanawake ndani. Mpelelezi mwanamme atakaa nje na kahawa yake asikilize ya nje. Akifa mwanamke nyumba ile, anakoshwa na wanawake wenzake, na Bwana Msa na akili zake zote na kiko chake hatoingia chumba kile, atasubiri aje aambiwe, na kuambiwa na kuona si kitu kimoja. Bi Msa ataingia. Atakunja mikono ya baibui ashike kata ya maji, ataona alama shingoni ambayo mkoshaji mwengine ataifunika haraka haraka kwa sanda. Hapo tayari una mchezo! Na jikoni kwenye shughuli, usiku wa kupika, wanawake ishirini wanamenya vitunguu na kila mmoja anajua siri ya nyumba ya mwenziwe. Hizo habari Bwana Msa hajawahi kuzisikia katika maisha yake yote.

Lakini na upande wa pili lazima mkubali hasara. Bi Msa huyo hakai barazani saa tatu ya usiku na wacheza bao asikilize habari za mjini, akikaa mtaa mzima utageuka kumtazama yeye, upelelezi umekwisha. Kituo cha polisi ataambiwa mama subiri hapo. Kiko hatokivuta, labda tambuu, anakata popoo taratibu huku anawaza. Kama mwalimu kaandika mwanamke anakaa barazani usiku, anavuta kiko, anawaamrisha wanaume na hakuna hata mmoja anaeshituka, basi mwanangu ami yako ana haki, huyo si Bwana Msa na wala si mwanamke wa Unguja. Ila kama kaandika yule wa kata ya maji, ami hajui bado anapinga nini, mana hajausoma. Na wewe umeusoma wote? Hukunambia.

Sasa hili la mradi. Ile kauli ya mwalimu, anaepinga asimame atwambie kama anapinga wanawake, hiyo mie sikuipenda. Ndo ule usahihi wa kisiasa watu wanaoulalamikia, wa kumfanya mtu aogope kusema lake asije akaonekana mbaya, na matokeo yake umeyaona mwenyewe: kikaoni kimya, grupuni kimya, pembeni kila mtu ana lake. Wewe kimya kile umekisoma kama wote wanakudharau. Pengine. Pengine nusu yao wanataka kuuliza kitu kidogo tu, kwa mfano kama pesa ina masharti mengine hayajasemwa, na hawana njia ya kuuliza bila kuitwa maadui wa wanawake. Ungeweza wewe ndo ukamwambia mwalimu aitishe kikao tena na safari hii watu waseme. Hatari yake ni kwamba utayasikia mengine uso kwa uso, na ukishayasikia huwezi kujifanya hukuyasikia.

Na wewe kustahili au kubebwa, kwani lazima iwe moja? Mstari ulikuwemo, kweli. Na siku ile ulisoma ukasimamishwa ukarudishwa, hiyo nayo kweli, na wakati ule wewe hata ulikuwa huujui mstari. Mwalimu aliujua, ndio, kwa hiyo huwezi kujua kichwani mwake kilichotangulia nini. Njia ya kujua ni kumuuliza faragha, mwalimu lau mstari ule usingekuwemo ungenipa? Uwe tayari na jawabu usilolipenda. Lakini nikuulize na hili, Faki miaka yote hiyo akipewa uhusika mkuu, alishindana na nani? Mlishawahi kumsomesha msichana nafasi ile kabla ya siku Faki alipochelewa? Usinijibu mie, jijibu wewe.

Faki mwenyewe simjui, na wewe naona unamjaalia hasira za mambo ya jinsia wakati mie kwenye barua nimeona mtu kapoteza kazi yake mbele za watu bila kuambiwa pembeni kwanza. Mtu yeyote angechukua begi. Ukienda kumuona usiende na ahadi ya kumrudishia, mana si yako kuitoa, na kama anayo staha atakereka zaidi. Nenda umsikilize tu. Huenda akakwambia mie nilitaka kiko tu basi, huenda akakwambia maneno ya kukuumiza kweli.

Watu watakutajia Siti binti Saad, najua washaanza. Kwamba taarabu ilikuwa ya wanaume, ya Kiarabu, ya ikulu, akaja mwanamke wa Fumba akaingia, 1928 akaenda Bombay kurikodi, na leo jina ni lake. Mfano huu naupenda lakini haukai sawa sawa na lako. Siti hakuchukua nafasi ya mwanamme fulani akaicheza yeye, alikuja na Kiswahili chake na habari za Ng'ambo yake, akafungua mlango wake. Ukiufuata mfano huo hasa, utakupeleka kwengine: mpelelezi mpya kabisa, mwanamke, labda mpwa wa Bwana Msa kalelewa kwa hadithi zake (unamjua mtu wa namna hiyo?), na Bwana Msa mwenyewe mzee anatokea kidogo, na huyo anaweza kuwa Faki. Au Najum ndo awe mwanamke, Wamarekani walifanya hivyo 2012, mpelelezi Sherlock Holmes wakamwacha mwanamme, msaidizi wake Watson wakampa mwanamke, Lucy Liu. Hatari zipo. Mpelelezi asiejulikana havuti watu mlangoni, jina la Bwana Msa ndo linauza tiketi. Najum kazi yake siku zote ni kushangaa, na ukimpa mwanamke kazi ya kushangaa tu utakuja kunilalamikia tena. Na mwalimu kuandika upya hadithi nzima sasa hivi, sijui kama atakubali, wala kama mfadhili atangoja.

Kukataa nako ni njia, na wala si ya aibu. Ila kama unakataa kwa ajili ya ami hakikisha ami anajua umemuachia nini, usikatae kimya kimya kisha uje umhesabie miaka kumi mbele. Na ujitazame siku ya mchezo umekaa Ngome Kongwe kwenye ngazi, jukwaani msichana mwengine anacheza Bi Msa, mana mstari wa mradi hautoondoka kwa wewe kuondoka.

Ami. Mtu alokaa miezi mitatu gizani anamsomea mtoto wa kike Bwana Msa kwa kandili, huyo sidhani kama tatizo lake ni mwanamke na Bwana Msa. Kile kiko umekishika kwa mkono wa nani? Na sauti ni ya nani? Wewe hutaki kumcheza Bwana Msa wa kitabuni, unataka kumcheza ami yako, na yeye hilo halijui. Pengine hata likijulikana litamkera, wazee wengine hawapendi kuigizwa. Lakini angelijua. Unaweza ukamchukulia maandishi yale ukamwambia ami soma, tia alama kila pahala ambapo Bwana Msa asingefanya hivi. Atasoma, mtu wa vitabu hawezi kuacha karatasi yenye hadithi mezani. Hatari yake ni kubwa lakini: ukishamuomba rai yake kisha akasema hapana, kwenda kinyume chake itakuwa nzito kuliko sasa. Kwa hiyo usimuombe kama jawabu lake ushaamua hutolifuata, mwambie toka mwanzo, ami nakuomba unisaidie, sijakuomba ruhusa. Kama mdomo wako unaweza kuyatoa maneno hayo mbele yake. Wangu usingeweza nilipokuwa na umri wako.

Halafu kuna kitu hakuna mmoja wenu alokigusa, si wewe, si mwalimu, si hao wa pembeni. Bwana Msa ana mwenyewe. Muhammed Said Abdulla kafariki 1991, na haki ya kitabu haizikwi na mwandishi, inakaa miaka mingi kwa warithi na wachapishaji. Kuandika hadithi mpya na kumtumia mtu wake, awe Bwana awe Bi, ni jambo la kuombewa ruhusa. Muulize mwalimu kama kaomba. Kama hajaomba, ofisi ya hakimiliki tunayo hapa hapa Unguja, waende wakaulize kabla ya mazoezi, kabla ya nguo, kabla ya wewe kumpa mtu jawabu lolote. Mana warithi wakisema hapana mtarudi wote kwenye mpelelezi mpya, mtake msitake, na wakisema sawa lakini abaki mwanamme, hapo utajua unabishana na nani.

Bi Mkubwa